Vitabu Vinavyosomwa kwa Siri Laare

*Tawasifu za watu waliodhulumiwa wakiwa watoto zimepata wasomaji hadi katika miji ya miraa ya Igembe, katika kaunti ya Meru nchini Kenya. Wapo wanaosema zinaponya, wapo wanaosema zinatonesha donda. Kuna kundi jingine ambalo halijaambiwa kwamba vitabu hivi vinalihusu.*

Ikifika saa tisa alasiri, mji wa Laare huwa umetulia. Miraa iliyochumwa alfajiri imeshafungwa mabunda, imefunikwa kwa majani ya mgomba, na magari ya kuibeba yameteremka mbio kuelekea Maua, Meru na Nairobi. Barabarani yamebaki majani yaliyokanyagwa na vijana wanaohesabu pesa za siku. Katika kibanda kimoja cha mitumba, nyuma ya rundo la sweta za watoto, mama wa miaka thelathini na kitu anasoma kitabu kilichofunikwa kwa karatasi ya kaki, kama wanafunzi wanavyofunika madaftari yao.

Karatasi hiyo aliiweka makusudi. Hataki mteja aone jalada na kuuliza kitabu kinahusu nini. Jina lake halitatajwa hapa, wala kijiji chake, wala shule aliyosomea hadi kidato cha nne.

Kitabu chenyewe ni *I Know Why the Caged Bird Sings*, tawasifu ya Mmarekani Maya Angelou iliyochapishwa mwaka 1969. Alikipata kwa binamu yake, mwalimu wa shule ya upili. Kila anapokutana na jambo analolijua, huweka alama ya penseli pembeni mwa ukurasa.

Niliomba nikipitie. Sura ya 12, inayosimulia jinsi Angelou alivyobakwa na mpenzi wa mama yake akiwa na umri wa miaka minane, haina alama hata moja. Mama huyu aliiruka mara ya kwanza. Aliirudia siku nyingine, watoto wakiwa shuleni na mlango umefungwa kwa komeo. Lakini sura ya 15 imejaa alama, mistari na vijimshale, na penseli imekandamizwa hadi ukurasa wa nyuma umevimba.

Sura hiyo haina ubakaji. Inamhusu jirani aliyemkaribisha mtoto nyumbani kwake, akampa biskuti na maji ya limau, kisha akamsomea kitabu.

MTOTO ALIYENYAMAZA

Kisa cha Angelou kinajulikana duniani kote, ila hapa kinahitaji kuelezwa polepole, maana kila hatua yake ina mwenzake Igembe.

Alizaliwa St. Louis mwaka 1928, akalelewa na nyanya yake Stamps, mji mdogo wa Arkansas. Aliporudishwa kwa mama yake kwa muda, yule mpenzi wa mama alimdhulumu, akamtisha kwamba akisema atamuua kaka yake, Bailey. Mwishowe mtoto alimwambia Bailey. Mwanamume alishtakiwa, akahukumiwa mwaka mmoja na siku moja, akaachiliwa bila kukaa ndani. Muda mfupi baadaye alipatikana amekufa, inaelekea alipigwa hadi kufa. Mtoto wa miaka minane akaamini kwamba sauti yake ndiyo iliyoua mtu. Akanyamaza karibu miaka mitano.

Watu wazima waliomzunguka walifanyaje? Mwanzoni walimvumilia. Kisha wakauita ukimya wake kiburi na kununa, wakamcharaza viboko.

Mama wa mitumba aliniambia kwamba hapo ndipo alipofunga kitabu siku ya kwanza. Naye alichapwa kwa kununa. Alikuwa darasa la nne, alama zilikuwa zimeshuka, hakuwa akijibu akiulizwa, na mwalimu wake hakuwahi kujiuliza mtoto aliyekuwa akiimba shairi mbele ya darasa muhula uliopita amepatwa na nini. Nyumbani jambo lenyewe lilijulikana. Aliyemtenda alikuwa jamaa wa ukoo. Wazee wa pande mbili walikaa, pesa zikatolewa, mbuzi akachinjwa, na mtoto akaambiwa yamekwisha.

 

HERUFI BADALA YA MAJINA

Mtu anaweza kudhani kwamba Meru haina simulizi zake za aina hii. Inazo, na moja imesomwa na wanasheria wa nchi nyingi. Ila haipo kwenye rafu ya duka la vitabu.

Tarehe 11 Oktoba 2012, siku ambayo dunia iliadhimisha kwa mara ya kwanza Siku ya Kimataifa ya Mtoto wa Kike, wasichana 11 pamoja na shirika la Ripples International, linalohifadhi watoto waliodhulumiwa mjini Meru, walifika Mahakama Kuu ya Meru na ombi la kikatiba. Walisaidiwa na wanasheria wa Kenya na wa shirika la Kanada liitwalo Equality Effect. Kesi ikajulikana kwa jina la "wasichana 160", kwa sababu ndiyo idadi ya watoto, wenye umri wa miaka 3 hadi 17, ambao habari zao zilikuwa zimekusanywa.

Jambo la kipekee ni kwamba hawakuwashtaki waliowanajisi. Waliwashtaki polisi. Walidai kwamba maafisa waliomba pesa kabla ya kuanza uchunguzi, kwamba walitaka mtoto alete shahidi aliyeona tendo likifanyika, kwamba majalada yalilala hadi ushahidi ukapotea.

Tarehe 27 Mei 2013 Jaji J. A. Makau aliamua kwamba polisi walikuwa wamekiuka haki za watoto hao kwa kutochunguza malalamiko yao haraka na kwa weledi, na kwamba uzembe huo uliwapa wahalifu imani kuwa hakuna litakalowapata. Akaamuru uchunguzi ufanywe upya ipasavyo. Tangu hapo hukumu hiyo imekuwa ikinukuliwa kila inapojadiliwa wajibu wa polisi kwa mtoto aliyenajisiwa.

Soma hukumu yenyewe. Mlalamikaji wa kwanza anaitwa C.K. Wenzake nao ni herufi mbilimbili, mwanzo hadi mwisho. Sheria inataka hivyo, na inataka vyema: mtoto hapaswi kubeba jina la kesi maisha yake yote. Lakini matokeo yake ni kwamba ushuhuda mzito kuliko wote uliowahi kutolewa na wasichana wa Meru umeandikwa kwa lugha ya mawakili, kwa Kiingereza cha hati za kiapo, na kila msichana amepewa aya chache zinazoeleza siku moja ya maisha yake. Alichopenda kula, wimbo aliokuwa akiimba, jinsi alivyoiona njia ya kurudi nyumbani kutoka kituo cha polisi, mahakama haikuwa na sababu ya kuyaandika. Tawasifu ina sababu.

Si mara ya kwanza sauti za wasichana wa hapa kubaki ndani ya hati za wengine. Mwaka 1956 baraza la wazee la Njuri Ncheke lilipitisha marufuku ya kutahiri wasichana hapa Meru. Maelfu ya wasichana wakakaidi na kutahiriana wenyewe kwa wenyewe, wakaitwa Ngaitana, yaani nitajitahiri mwenyewe. Kufikia 1959 zaidi ya watu 2,400, wasichana, wanawake na wanaume, walikuwa wameshtakiwa. Tunajua waliyoyawaza wachache wao kwa sababu mwanahistoria Mmarekani, Lynn Thomas, alikuja kuwahoji miongo kadhaa baadaye. Bila yeye tungebaki na rejista za faini. Miili ya wasichana wa Meru imekuwa ikijadiliwa kwenye mabaraza na mahakama kwa miongo mingi, na bado ni vigumu kupata ukurasa mmoja ulioandikwa na mwenye mwili.

WANAOTAKA VISOMWE

Wanaotetea usomaji wa vitabu hivi wana hoja ambayo haihitaji shahada kuielewa. Mtoto aliyedhulumiwa huamini kwamba ni yeye peke yake duniani. Mdhalimu humwambia hivyo, na ukimya wa nyumba unathibitisha. Kitabu kinavunja uongo huo bila kumlazimisha msomaji afungue mdomo.

Na kweli hayuko peke yake. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto uliofanywa nchini Kenya mwaka 2010 uliwauliza vijana wa miaka 18 hadi 24 kuhusu utoto wao. Wasichana 32 katika kila 100, na wavulana 18 katika kila 100, walisema walipitia ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Utafiti kama huo wa mwaka 2019 ulionyesha idadi imepungua hadi karibu 16 kwa wasichana na 6 kwa wavulana. Ni nafuu kubwa. Lakini katika darasa lolote la watu wazima wanaojifunza kompyuta, katika kwaya yoyote, katika foleni yoyote ya mama wanaosubiri kliniki, hesabu hiyo ipo, imekaa kimya.

Walimu wa Kiswahili waliona jambo kama hilo darasani, ingawa kwa njia ya riwaya. *Chozi la Heri* ya Assumpta Matei ilipotahiniwa katika KCSE, vijana wa nchi nzima walilazimika kumjadili Sauna, msichana aliyebakwa na baba wa kambo na kisha kunyamazishwa na mama yake mzazi. Maswali ya mtihani yaliuliza kuhusu maudhui na wahusika. Binamu wa mama wa mitumba, aliyefundisha kitabu hicho, anasema maswali mazito yalikuja baada ya kipindi, kutoka kwa msichana aliyebaki nyuma akijifanya anapanga viti.

Riwaya ina kinga yake, kwani msomaji anaweza kusema ni hadithi tu. Tawasifu inaondoa kinga hiyo. Aliyeandika yupo, ana jina, alizeeka, alipika, alicheka, alichapisha. Angelou aliishi hadi mwaka 2014, akafa akiwa na miaka 86. Kwa mtu anayejiuliza kama kuna maisha baada ya jambo lile, namba hizo mbili zina uzito kuliko ushauri wowote.

WANAOTAKA VIFUNGWE

Upande wa pili si wa watu wabaya. Ni makosa makubwa kuwachora hivyo.

Mzee mmoja wa Igembe niliyezungumza naye kuhusu vitabu hivi alinisikiliza hadi mwisho kabla ya kujibu. Hoja yake ilikuwa kwamba anayeandika kitabu yuko Marekani, na anayekisoma yuko Laare, ambako mdhalimu wake anapita mbele ya kibanda kila siku ya soko na kumsalimu. Mwandishi aliondoka, msomaji ataenda wapi? Kitabu kinaamsha hasira, kisha kinakwisha. Kinachobaki ni ukoo uliogawanyika, shamba lenye mpaka wa kugombaniwa na watoto wasiosalimiana. Funika kombe mwanaharamu apite, alisema, na hakuisema kwa dharau.

Wahenga waliotupa methali hiyo walisema pia mficha uchi hazai. Lakini swali la mzee halijibiwi kwa methali. Limejibiwa na daktari wa magonjwa ya akili, Judith Herman, katika kitabu chake cha 1992 kuhusu majeraha ya nafsi na kupona kwake, kwa namna inayompa mzee sehemu ya haki. Herman alipanga uponaji katika hatua tatu. Ya kwanza ni usalama. Kukumbuka na kuomboleza yaliyopotea huja baadaye, na kurudi kati ya watu huja mwisho. Msichana ambaye bado analala chini ya paa moja na anayemdhulumu hayuko hata kwenye hatua ya kwanza. Ukimpa tawasifu ya kurasa 300 umemfungulia mlango wa hatua ya pili wakati nyumba inaungua. Anachohitaji kwanza ni mtu wa kumtoa.

Hata kwa aliye salama, maumivu hutangulia. Mwanasaikolojia James Pennebaker na mwenzake walichapisha mwaka 1986 jaribio ambalo wanafunzi waliandika kuhusu jambo lililowaumiza zaidi maishani, dakika chache kwa siku, siku nne mfululizo. Mara tu baada ya kuandika walijisikia vibaya kuliko wenzao walioandika mambo ya kawaida. Katika miezi iliyofuata walikwenda hospitali mara chache zaidi. Jaribio hilo lilihusu kuandika, lakini msomaji anayeweka alama za penseli pembeni mwa ukurasa naye anaandika kwa njia yake, na ni vyema aambiwe mapema kwamba usiku wa kwanza unaweza kuwa mbaya.

Kuna pingamizi jingine, la soko. Miaka ya 2000 maduka ya vitabu ya Uingereza yalitenga rafu maalumu za "maisha ya uchungu", baada ya mauzo makubwa ya vitabu kama *A Child Called "It"* cha Dave Pelzer, kilichotoka mwaka 1995. Ndugu mmoja wa Pelzer alipinga baadhi ya aliyoyasimulia; mwingine akasema naye aliteswa. Mwaka 2006 Mmarekani James Frey alilazimika kukiri kwamba sehemu za tawasifu yake kuhusu ulevi alizitunga. Pesa zikiingia katika maumivu ya mtu, shaka huingia pia, na shaka hiyo humwangukia hata mtoto wa Laare asiyejua kuna mtu anaitwa Frey. Afisa aliyewahi kusikia kwamba watu hutunga ana kisingizio cha ziada cha kutofungua jalada.

 

USHUHUDA BILA NAFASI

Ajabu ni kwamba eneo hili linajua kusimulia maisha hadharani. Uamsho wa Kikristo ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 na kufika Kenya mwishoni mwa muongo huo uliwafundisha waumini kusimama na kutoa ushuhuda. Hadi leo, ukienda kwenye ibada nyingi za Igembe utamsikia mtu akieleza alivyokuwa mlevi, mwizi au mzinzi, na siku aliyookoka. Watu wanaitikia, wanaimba, wanamkumbatia.

Lakini muundo wa ushuhuda huo unadai jambo moja: anayesimama aungame dhambi yake mwenyewe. Aliyetendewa akiwa na miaka saba hana dhambi ya kuungama. Akisimama atasema nini? Baadhi husimama na kulisimulia kama kosa lao, wakiomba msamaha kwa jambo ambalo mtu mzima aliwatenda, na mkutano mzima unaitikia amina. Nadhani hakuna kitu kinachoniuma katika suala hili lote kama hicho. Kanisa limejenga jukwaa zuri la kusimulia maisha, na mtoto aliyedhulumiwa hawezi kulipanda ila kwa kujivika hatia isiyo yake.

Hapo tawasifu inafanya kazi ambayo ushuhuda wa ibadani haujaifanya. Inaonyesha namna ya kusema "nilitendewa" bila kuongeza "nisamehe".

WAVULANA WA MITI

Kila mahali mazungumzo haya hugeuka kuwa ya wasichana tu. Laare hayapaswi kuwa hivyo.

Uchumi wa hapa umesimama juu ya mti ambao kuchuma kwake kunahitaji mwili mwepesi na vidole vyepesi. Wavulana wameacha shule kwa ajili hiyo miaka nenda miaka rudi. Wanashika pesa mapema, wanalala mbali na mama zao, wanafanya kazi alfajiri chini ya watu wazima ambao hakuna aliyewachunguza. Uingereza ilipopiga marufuku miraa mwaka 2014, na Somalia ilipoifungia mwaka 2020 hadi 2022, viongozi walizungumza sana kuhusu hasara ya mkulima. Kuhusu anayeyapata mvulana wa miaka 11 kwenye mashamba hayo, mapato yakipanda au yakishuka, sikumbuki hotuba hata moja.

Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 haibagui. Anayemnajisi mtoto wa miaka 11 kushuka chini anafungwa maisha, wa miaka 12 hadi 15 si chini ya miaka 20, wa 16 hadi 18 si chini ya miaka 15, awe msichana au mvulana. Lakini mvulana husubiri kuambiwa kwamba lililompata lina jina. Kijana aliyetahiriwa ameshaitwa mwanamume, na mwanamume hapigi kelele. Kitabu cha Pelzer, pamoja na shaka zake zote, kina thamani hapa kwa sababu ni cha mvulana, na katili aliyemtesa alikuwa mama yake mzazi. Vichache vinasema hivyo.

LUGHA YA WENGINE

Tawasifu za Afrika Mashariki zipo. Nice Leng'ete, yatima wa Kimana huko Kajiado, alisimulia katika *The Girls in the Wild Fig Tree* ya 2021 jinsi alivyokimbia kisu cha ngariba akiwa mtoto na kujificha juu ya mti. Evelyn Amony wa Uganda ya kaskazini aliandika mwaka 2015 kuhusu utoto wake mikononi mwa jeshi la Joseph Kony. Kabla yao China Keitetsi, Mganda aliyepata hifadhi Denmaki, alieleza jinsi mateso ya nyumbani yalivyomtoa mikononi mwa jamaa zake na kumtupa katika jeshi akiwa na umri wa kucheza kati.

Vyote vitatu vilichapishwa kwanza ng'ambo. Msomaji wa Laare anavifikia kwa bahati: nakala ya mtumba kutoka barabara za Nairobi, au faili inayorushwa kwenye WhatsApp, isomwe usiku kwenye kioo kilichopasuka. Mama wa mitumba anasoma Kiingereza vizuri, na bado ameandika maana za maneno kwa Kimeru juu ya mistari. Kwa Kiswahili, tawasifu zetu zina heshima nyingi. Shaaban Robert alituachia *Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini*, Adam Shafi akatupa *Mbali na Nyumbani*. Ni kazi nzuri, na hazina nafasi ya jambo hili. Aliyezoea kuona kwamba kitabu cha maisha ya mtu ni cha safari, kazi na wosia, hataona kwa urahisi kwamba chumba cha nyuma cha nyumba ya mjomba nacho kinastahili sura.

MSOMAJI ANAYEKOSEKANA

Nimezisikiliza pande hizi, na naona zote zinabishana kuhusu msomaji mmoja: aliyedhulumiwa. Asome, asisome. Atapona, ataumia. Nasema kuna msomaji mwingine ambaye hakuna aliyemfikiria, na ndiye anayezihitaji tawasifu hizi zaidi.

Ni mwalimu wa darasa la nne. Ni afisa aliyekaa kwenye dawati la jinsia. Ni chifu, mchungaji, muuguzi wa zahanati, nyanya. Kila mmoja wao, siku moja, atajiwa na mtoto. Mtoto huyo hatasema sentensi kamili. Atanuna. Atakojoa kitandani. Atasema anaumwa tumbo kila Ijumaa. Tawasifu inaeleza siku hiyo kwa upande wa ndani, kitu ambacho hakuna mwongozo wa wizara unaoweza kukieleza. Inaonyesha neno gani la mtu mzima lilifunga mdomo wa mtoto, na tendo gani dogo lililoufungua.

Baada ya hukumu ya 2013, polisi walipewa mafunzo ya kuchunguza kesi za unajisi. Yalihitajika sana. Afisa anapaswa kujua fomu ya P3, kujua kwamba nguo za mtoto hazifuliwi kabla ya daktari kuziona, na kwamba dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya Ukimwi zina faida zikianzwa ndani ya saa 72. Lakini makosa yaliyofikishwa mbele ya Jaji Makau hayakutokana tu na kutojua fomu. Mtu anayemwambia mtoto alete shahidi hajawahi kukaa ndani ya kichwa cha mtoto huyo hata kwa dakika kumi. Ningependa kila anayepangiwa kazi kwenye dawati hilo, Maua, Laare au Mutuati, apewe sura nne za Angelou, ya 11, 12, 13 na 15, azisome, kisha aulizwe: wangapi katika kurasa hizi wangeweza kujua, na kila mmoja alifanya nini?

Vivyo hivyo vyuo vya ualimu. Tangu 2001 viboko vimepigwa marufuku shuleni, na bado tunajua hali ilivyo. Mwalimu aliyesoma jinsi mtoto aliyebakwa alivyochapwa kwa kununa atauzuia mkono wake. Si wote, lakini mmoja katika shule moja anatosha kubadili maisha ya mtoto wa mwaka huo.

Mzee wa Igembe aliuliza msomaji wa Laare ataenda wapi kitabu kikiisha. Akiwa mtoto, au akimjua mtoto, kuna namba 116 ya simu ya watoto, isiyolipiwa, na 1195 kwa ukatili wa kijinsia. Kuna afisa wa watoto wa kaunti ndogo. Kuna Hospitali ya Methodist Maua, mwendo mfupi kwa matatu. Njia hizi zipo. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu mzima wa kushika mkono wa mtoto na kwenda naye, badala ya kuwaita wazee na kutafuta mbuzi.



Na kuna jambo la mwisho la kuwakumbusha wachapishaji wa Nairobi. Wasichana wa kesi ya 2012 wamekua. Mkubwa wao sasa ni mtu mzima wa miaka 30 hivi, na wengi wamevuka 18. Sheria iliyowaficha nyuma ya herufi iliwalinda wakiwa watoto. Haimzuii mwanamke mzima kusimulia maisha yake mwenyewe, akipenda, kwa jina lake au kwa jina la kubuni. Hakuna anayepaswa kuwasukuma. Lakini akitokea mmoja anayetaka, atahitaji mhariri atakayemwacha aandike kwa Kimeru au Kiswahili, wakili wa kumweleza mapema sheria ya kashfa inasema nini kuhusu kumtaja mtu aliye hai, mshauri nasaha wa kukaa naye wiki anazoandika sura ngumu, na mkataba unaompa yeye haki ya kusimamisha kazi wakati wowote. Kampuni zinazochapisha riwaya za mtihani kwa shule za nchi nzima zina uwezo wa kugharimia hayo yote.

Mama wa mitumba amebakiza kurasa chache amalize. Akimaliza, anataka binamu yake akipeleke kitabu kwenye chumba cha walimu na kukiacha mezani, bila karatasi ya kaki.